Mpira, Mshipi au Kikaba? Uhakiki wa Lugha ya Kifaa cha Kukomesha Damu

Hivi karibuni ililetwa mezani petu hati fupi ya mafunzo ya huduma ya kwanza, iliyokusudiwa waendeshaji wa bodaboda na walinzi wa mitaa katika wilaya za Kinondoni na Temeke. Tuliombwa tuithibitishe Kiswahili chake kabla haijapigwa chapa. Walioitunga sitawataja, maana kosa nitakalolieleza si lao peke yao. Limo pia katika hati nyingine nilizowahi kuzipitisha mimi mwenyewe bila kulitambua. Kazi ya ithibati aghalabu ni kazi ya kalamu nyekundu na chai iliyopoa. Lakini safari hii sentensi moja ilinizuia siku mbili. Ilisema hivi: funga mpira juu ya jeraha, usifunge kwenye kiungo, na ulegeze kila baada ya dakika 15.

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Maneno yake yote ni ya Kiswahili safi na ni mepesi kueleweka. Hata hivyo, naamini kwamba mtu akiitii neno kwa neno, majeruhi aliye mbele yake anaweza kufa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini, na kupendekeza istilahi itakayofaa.

Kinachozungumzwa ni kifaa kinachozungushwa kwenye mkono au mguu na kukazwa mpaka damu isipite kabisa. Waingereza hukiita kwa jina lenye asili ya Kifaransa, ambalo kwetu nimelisikia likitamkwa tunike, tonikwete na turniketi, kutegemea msemaji alisomea wapi na alifundishwa na nani. Kifaa hiki ni mtoto wa jeshi. Kwa kawaida sifa ya kukianzisha hupewa tabibu wa jeshi la Ufaransa aitwaye Morel, ambaye mwaka 1674, wakati mji wa Besançon ulipozingirwa, alifunga kitambaa kwenye kiungo cha askari, akapitisha kijiti, kisha akakizungusha kijiti mpaka kitambaa kikakaza. Mwaka 1718 Mfaransa mwenzake, Jean-Louis Petit, akakiondoa kijiti na kuweka parafujo, ili tabibu aweze kukaza na kulegeza kidogo kidogo bila ya mtu kusimama akishikilia. Mwaka 1873 Friedrich von Esmarch, daktari wa upasuaji wa jeshi la Ujerumani, alileta ukanda wa mpira. Na mwaka 1904 Harvey Cushing wa Marekani akaleta mfuko wa upepo, unaofanana na ule tunaofungwa mkononi tunapopimwa shinikizo la damu. Kijiti, parafujo, mpira, upepo: karibu kila kifaa cha namna hii kilichokuja baadaye ni mjukuu wa mmojawapo.

Msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi watu wa istilahi? Yanatuhusu kwa sababu kila muundo una tabia yake, na jina lililofaa muundo mmoja linaweza kudanganya likitumiwa kwa mwingine. Mpira wa Esmarch ni rahisi na hupatikana popote, lakini kila mzunguko huongeza nguvu isiyopimika, na ukilowa damu huteleza. Upepo wa Cushing ni mpole kuliko yote. Mfuko wake ni mpana, na kadiri ukanda unavyokuwa mpana ndivyo unavyohitaji nguvu ndogo zaidi ya kubana ili kusimamisha damu. Ndiyo maana kamba nyembamba au waya ni hatari: hukata ngozi na kuumiza neva kabla damu haijakoma. Tatizo la upepo ni kwamba mfuko hutoboka, na pampu ni mzigo kwa askari anayetambaa. Wanajeshi wa Marekani, baada ya mizunguko yote hiyo, walirudi kwenye kijiti cha Morel. Kifaa chao kiitwacho CAT, ambacho askari walianza kugawiwa mwaka 2005, ni ukanda wa upana wa karibu sentimita 4 wenye kijiti cha plastiki kinachozungushwa na kunaswa kwenye kidaka. Mwenzake, SOFTT, ana kijiti cha chuma. Majaribio yaliyochapishwa mwaka huo huo wa 2005 yalilinganisha vifaa saba kwa watu 18 waliojifunga wenyewe, na vitatu tu ndivyo vilivyosimamisha damu kwa kila aliyejaribu: CAT, SOFTT, na EMT ambacho ni cha upepo. Mimi nisiye tabibu nasoma matokeo hayo hivi: kijiti kwa mtu aliye barabarani, upepo kwa gari la wagonjwa na chumba cha upasuaji.

Kipo na kipimo kingine, cha kutisha zaidi. Katika hospitali ya jeshi la Marekani mjini Baghdad mwaka 2006 walifuatiliwa majeruhi 232 waliofungwa kifaa hiki. Waliofungwa kabla mwili haujaingia katika hali ya mshtuko wa kupungukiwa damu walipona 90 katika kila 100. Waliofungwa baada ya hali hiyo kuanza walipona 10 katika kila 100. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuokoa ni yule aliye karibu na majeruhi katika dakika za kwanza, kabla daktari hajamwona. Kwetu mtu huyo ni abiria, muuza mihogo, mwendesha bodaboda mwenzake. Huyo hajui neno la Kifaransa. Ana Kiswahili tu, na Kiswahili hicho ndicho tulichoombwa tukithibitishe.

Wala isidhaniwe kwamba majeraha ya kivita hayafiki kwenye mitaa yetu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, wilayani Temeke, na mabomu yakaangukia nyumba za raia. Tarehe 16 Februari 2011 yakatokea hayo hayo Gongo la Mboto. Kila tukio liliua zaidi ya watu 20 na kuwajeruhi mamia. Hospitali Kuu ya Jeshi iko Lugalo, Kinondoni, na humo wapo wanaozijua zana hizi kwa majina ya Kiingereza. Lakini vipande vya bomu vya Mbagala havikuangukia Lugalo. Na siku zisizo na mabomu zipo pikipiki.

Sasa tuyapime majina yenyewe.

Jina linalotawala katika hati nyingi ni mpira. Niliichukua sentensi ile hadi kijiwe kimoja cha bodaboda, Mbagala Rangi Tatu, nikawasomea vijana waliokuwa wakisubiri abiria, nikawauliza mpira gani. Mmoja alicheka, na msomaji anajua kwa nini. Wa pili alinionyesha ukanda uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli anaofungia mizigo nyuma ya pikipiki, na nakiri kwamba huyu, bila kumjua Esmarch, alikuwa karibu na ukweli kuliko wote. Lakini wengi wao walinijibu kwa kujiamini: ule mpira wa hospitali, anaokufunga nesi anapotaka kukutoa damu.

Hapo ndipo penye hatari. Mpira wa nesi umekusudiwa kufanya jambo lililo kinyume. Vena ziko karibu na ngozi na damu yake ina shinikizo dogo. Ateri ziko ndani na damu yake husukumwa kwa nguvu na moyo. Nesi hukaza kiasi cha kuzuia vena tu, ili damu iendelee kuingia mkononi kupitia ateri lakini isirudi, na vena zifure zionekane. Ukimkaza hivyo hivyo mtu aliyekatika ateri, damu itaingia na kukosa njia ya kurudi isipokuwa kupitia kwenye jeraha. Atavuja zaidi kuliko asiyefungwa kitu. Kwa maneno mengine, jina mpira linamletea msaidizi picha ya kukaza nusu, na kukaza nusu ni kubaya kuliko kutokaza. Sijui istilahi nyingine katika majalada yetu ambayo mfanano wake wa maana una gharama kubwa kiasi hicho.

Wapo waliopendekeza mshipi wa kuzuia damu. Kwa macho jina hili ni zuri, kwani mshipi ni ukanda na kila mtu anaujua. Lakini istilahi ya huduma ya kwanza husikiwa kabla ya kusomwa. Mtu hupiga kelele, "Leta mshipi!", na mwenzake husikia mshipa. Na neno mshipa lenyewe limebebeshwa mizigo kupita kiasi. Ni ateri, ni vena, ni neva, na huku pwani ni hata ugonjwa wa kuvimba korodani. Taasisi yetu ya mifupa pale Muhimbili hutaja katika jina lake mishipa ya fahamu, na wananchi wengi hudhani hiyo pia ni ya damu. Kuongeza mshipi mahali penye msongamano huo ni kuwasha kibatari karibu na petroli.

Kizuia damu ni jina pana mno. Bendeji huzuia damu. Kiganja kilichogandamizwa juu ya jeraha huzuia damu, na kwa majeraha mengi ndicho kinachotosha. Zipo hata dawa za kuzuia damu. Istilahi isiyoweza kutenganisha dhana yake na jirani zake bado haijawa istilahi. Kibano nacho kimekwisha kushikwa na zana za mpasuaji za kubania ncha ya mshipa, na si haki kukipokonya huko.

Tunasalia na tunike. Mimi si adui wa utohozi. Asiyetaka utohozi katika jiji hili aanze kwanza kulibadilisha jina la Kariakoo, ambalo ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Bendeji, plasta na hospitali ni maneno yetu kabisa, na hakuna anayeyaona wageni. Lakini maneno hayo yalikaa kwa sababu watu waliviona vitu vyenyewe kila siku. Kifaa hiki raia hukiona mara moja maishani, tena akiwa amefadhaika. Neno lisilomwambia afanye nini litamwacha akiwa amelishika tu. Wauguzi na madaktari waendelee na tunike kazini kwao, na tuiandike hivyo badala ya tonikwete, ambayo haifuati matamshi ya Kifaransa wala ya Kiingereza, inafuata tahajia tu. Kwa hati ya mtaani haitoshi.

Pendekezo langu ni kikaba. Tunalipata kwa unyambuaji wa kawaida kutoka kitenzi kaba, kama kifunika kutoka funika. Kukaba ni kubana mpaka kisipite kitu, na hiyo ndiyo sifa inayokitenganisha kifaa hiki na bendeji kwa upande mmoja, na mpira wa nesi kwa upande mwingine. Tena jina hili linazaa. Tutapata kikaba cha kijiti, kikaba cha parafujo, kikaba cha mpira na kikaba cha upepo, na askari wa Lugalo na mfamasia wa Temeke wataweza kujadili miundo yote ya historia niliyoieleza bila kutoka nje ya neno moja. Mpira wa nesi nao tuuite wazi wazi mpira wa kutolea damu, wala usikaribie ukoo huu.

Pingamizi nalijua, kwa kuwa nimekwisha kulisikia katika kikao chetu cha istilahi. Mjumbe mmoja mzee, ninayemheshimu sana, alisema neno hilo linanuka uhalifu: kukabwa ni kupigwa roba gizani na kuporwa simu. Ni kweli. Lakini nilipowarudia wale vijana wa Rangi Tatu na kuwauliza kikaba cha mguu kingekuwa kitu gani, mmoja alijibu mara moja, "Unaupiga mguu roba, kaka." Nikamuuliza kwa nguvu kiasi gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto: mpaka utulie. Sijapata maelezo bora kuliko hayo katika kitabu chochote. Harufu ya uhalifu anayoichukia mzee wetu ndiyo iliyobeba kipimo cha nguvu. Hata hivyo nakubali udhaifu mmoja: mtu atakayesikia kikaba bila kutajiwa mkono au mguu anaweza kufikiri shingo. Kwa hiyo katika hati za wananchi neno hili lisisimame peke yake. Liwe daima kikaba cha mkono au kikaba cha mguu.

Jina likipatikana, bado sentensi ile ina mitego mitatu.

Wa kwanza ni juu ya jeraha. Katika Kiswahili, kitabu kilicho juu ya meza kimeigusa meza. Msomaji ataweka kikaba palepale penye jeraha, ambapo hakifai. Mwandishi alikusudia upande wa juu, yaani karibu zaidi na kiwiliwili. Lakini hata upande wa juu hauna maana thabiti kwa mtu aliyelala chini huku mguu wake umeinuliwa. Iandikwe hivi: kati ya jeraha na kiwiliwili, vidole vitatu kutoka kwenye jeraha.

Wa pili ni kiungo. Neno hili lina maana ya sehemu ya mwili kama mkono na mguu, lina maana pia ya maungio kama goti na kiwiko, na jikoni lina maana nyingine kabisa. Hati ile ilisema katika aya moja kwamba kifaa hufungwa kwenye kiungo, na katika aya iliyofuata kwamba kisifungwe kwenye kiungo. Mtunzi alielewa alichokitaka. Msomaji hakupewa nafasi hiyo. Nami nashangaa tunavyokimbilia neno la jumla wakati lugha yetu imejaliwa majina ya pahala: paja, muundi, kigasha. Tuseme tu, usikaze kwenye goti wala kiwiko. Hakuna atakayeuliza maana yake.

Wa tatu ni kulegeza kila baada ya dakika 15. Hili si kosa la lugha, ni mabaki ya mafundisho ya zamani yaliyonakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Mafundisho ya leo ni kinyume: kikaba kikishakazwa na damu ikakoma, msaidizi asikiguse mpaka mikononi mwa tabibu, kwani kila kulegeza ni kumwaga damu nyingine. Mtu wa istilahi atasema hilo halimhusu. Mimi nadhani linamhusu, kwa sababu muhuri wetu wa ithibati humfanya msomaji aamini ukurasa mzima, na si tahajia yake peke yake. Niliirudisha aya hiyo na kuomba ipitiwe na daktari.

Limebaki jambo la saa, ambalo silo lililonipeleka kwenye hati lakini ndilo lililoninyima usingizi. Vikaba vya kisasa vina utepe mweupe wa kuandikia saa ya kukaza. Tabibu huihitaji, maana saa mbili za mwanzo kwa kawaida mguu huvumilia bila madhara ya kudumu, na zikishapita sita kikaba hakifunguliwi ila mahali penye vifaa na uangalizi wa kutosha, kwa hofu ya sumu zitakazorudi mwilini. Hata kukatwa mguu huanza kufikiriwa. Hati ilisema: andika saa. Kijana wa Tandika akikaza saa nane mchana ataandika 8. Majeruhi akifikishwa saa tisa kwa daktari aliyezoea hesabu ya saa 24, daktari ataisoma 8 kuwa saa mbili asubuhi, na ataamini kwamba mguu umekabwa saa saba, ilhali umekabwa saa moja. Tofauti ya hesabu zetu mbili ni saa sita kamili, na sita ndicho kipimo kile kile ambacho daktari anakiogopa.

Jeshini wangeandika 1400 na mambo yakaisha. Kwa raia nimependekeza aandike namba pamoja na wakati wa siku: 8 mchana, 3 usiku, 11 alfajiri. Hati imerudishwa kwa wenyewe ikiwa na sentensi saba mahali pa ile moja. Wamelalamika kwamba ukurasa umejaa na gharama ya chapa itapanda. Nimewajibu kwamba picha ya mgeni rasmi iliyo kwenye jalada la ndani inaweza kuondolewa, na hadi ninapoandika haya hawajanijibu.